Miaka tisa na wafadhili wa ng'ambo: tathmini ya mtafsiri wa barua

Sweta la bluu lenye vifungo vya mbao lilikuwa la binti wa mwalimu wa kwaya. Siku ya kupiga picha za mwaka lilivaliwa na kuvuliwa tangu asubuhi hadi jioni. Mtoto mmoja akitoka mbele ya ukuta, mlezi wa anayefuata alikuwa ameshanyoosha mkono kulipokea. Hakuna aliyepanga jambo hilo. Walezi walisikia tu kwamba picha zinakwenda ng'ambo, zitabandikwa majumbani mwa watu wasiowajua, na hakuna mzazi anayekubali mwanawe aonekane ugenini na shati lililochanika begani. Zikaenda picha 14 na sweta moja.

Miezi miwili baadaye ikaja barua ya maswali. Wenzetu wa kanisa rafiki la ng'ambo, ambao familia zao hufadhili watoto wetu, walikuwa wamezitandaza picha mezani, mtu akaliona sweta, akauliza kama watoto hawa ni 14 kweli au ni wachache wanaopigwa picha mara nyingi. Mimi ndiye niliyeisoma barua hiyo mbele ya kamati, sentensi kwa sentensi. Mzee mmoja wa kanisa alivua miwani akaishika mkononi muda mrefu, hakusema neno.

Watu wa makanisa mengine huniuliza mara kwa mara kama na wao wapokee ushirika wa namna hii, na karibu wote huanza na swali la fedha. Mimi huwasimulia kwanza habari ya sweta. Mwaka ule fedha zilifika zote, tena kwa wakati. Kujuana ndiko kulikokuwa hakujafika.

Mimi si mchungaji wala mratibu wa kituo. Nimejitolea miaka tisa kutafsiri barua za watoto na za wafadhili, na kwa miaka sita kati ya hiyo nimekuwa pia kwenye kikundi cha ziara za nyumbani. Kanisa rafiki silitaji jina, kwa kuwa ninayo ya kulalamikia na wale ni ndugu zangu katika imani. Nikiambiwa niupe ushirika wetu nyota, leo naupa nne kati ya tano. Miaka mitatu ya kwanza ningeupa mbili.

Utaratibu wenyewe ni huu. Familia moja ng'ambo hutoa kiasi kilekile kila mwezi kwa ajili ya mtoto mmoja. Fedha huingia kwenye akaunti ya kanisa letu inayotaka saini tatu, na hutoka kulipia ada, sare, madaftari, matibabu na Jumamosi ya kituo, ambapo watoto husoma, hucheza, hula pamoja na kupimwa afya. Hazipiti mkononi mwa mchungaji wala mwa mlezi. Kila mtoto ana faili lake: cheti cha kuzaliwa, uzito na urefu kila baada ya miezi sita, ripoti za shule, risiti, fomu za ziara. Mara moja kwa mwaka huja mkaguzi, huchomoa mafaili kumi bila kuchagua, kisha huenda hadi kwenye nyumba za watoto hao kuuliza kama viatu vilivyoandikwa vilifika miguuni. Huo ukaguzi wa mlangoni ndio unaonifanya niamini hesabu zetu. Anayetaka kuingia ushirika usio nao namshauri angoje.

Na faili si karatasi tu. Kulikuwa na binti wa miaka tisa, mkimya, hakuwahi kulalamika kitu. Muuguzi wetu wa kujitolea alipoandika uzito wake aligeuza ukurasa wa nyuma, akaona amepungua kilo mbili katika muda ambao mtoto wa umri ule alipaswa kuongezeka. Akapelekwa hospitali wiki ileile, akakutwa na kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita, na kila asubuhi mama mmoja wa kikundi chetu alipita kwao kuhakikisha amezimeza. Fedha za mfadhili zililipa nauli na vipimo. Aliyemwona ni mtu aliyegeuza ukurasa.

Sasa barua, maana huko ndiko nilikokaa.

Mwaka wangu wa kwanza nilitafsiri neno kwa neno. Mtoto mmoja aliandika, "Pole na kazi, mfadhili wangu." Nikatafuta neno la karibu, nikaandika la kuomba radhi. Likaja jibu la huzuni: mama yule wa ng'ambo alikuwa akiuliza mtoto amekosa nini, na akasisitiza kwamba hajamkosea lolote. Nilijisikia vibaya sana, maana mtoto alikuwa ametuma upendo, nami nikaupokonya njiani. Tangu siku hiyo "pole" naiacha kama ilivyo, na chini ya barua naeleza kwa mkono wangu kwamba mtoto anatambua uchovu wako na yuko pamoja nawe. Wafadhili kadhaa sasa huiandika wenyewe wanapojibu. Anayetafsiri barua hizi ndiye mlango ambao watu wawili wanapitia kuonana, na kanisa linalompa kazi hiyo kijana yeyote mwenye muda, bila kumfundisha, linapoteza nusu ya ushirika.

Kijana mwingine, alikuwa na miaka kumi, hakuwa akijua aandike nini. Wengine walikuwa wakinakili maneno ya ubaoni: mimi mzima, nasoma kwa bidii, nakuombea. Yeye akauliza swali moja: "Nyumba yenu ina milango mingapi?" Mratibu alitaka nilifute, aliona si adabu. Nililiacha. Mfadhili wake alikuwa mama mzee. Alijibu kwa kurasa tatu na mchoro wa nyumba yake uliochorwa kwa rula, milango 12, kila mmoja na namba. Kijana akauliza tena: usiku nani anaifunga yote? Akajibiwa kwamba zamani alikuwa akiifunga mume wake, sasa mume amefariki, anazunguka mwenyewe na tochi. Barua iliyofuata kijana alimweleza kwamba wao wana mlango mmoja, bibi yake anaufunga kwa kipande cha ubao, na kila akikisikia kile kipande kikiingia mahali pake atamkumbuka yeye na milango yake 12. Nilitafsiri barua hiyo nikiwa peke yangu ofisini, nikalazimika kusimama kidogo.

Katika Waraka wa Yakobo, Biblia yetu ya Kiswahili inatumia kitenzi kuwatazama, yatima na wajane katika dhiki yao. Kumtazama mgonjwa kwa lugha yetu si kumwangalia kwa mbali. Ni kwenda kwake, kukaa, kuuliza alivyolala. Yule kijana na yule mjane walikuwa wakitazamana kwa maana hiyo, na sijui kati yao nani alikuwa akimfadhili mwenzake.

Lakini si wafadhili wote huandika. Wapo wasioandika hata mstari mmoja kwa miaka, ingawa fedha zao hazichelewi. Zamani tulikuwa tukigawa barua kwa kuita majina mbele ya watoto wote. Nilimwona mtoto mmoja akifuata midomo ya mratibu tangu jina la kwanza hadi la mwisho, bahasha zikaisha, naye akainama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa tayari. Sasa barua hutolewa mtoto mmoja mmoja, chumbani, na asiye na ya mfadhili hupata ya mtu wa kanisa letu aliyekubali kumwandikia. Kama kituo chenu bado kinaita majina, acheni kuita kesho.

Kasoro kubwa kuliko zote ilikuja mwaka wa nne. Kanisa rafiki lilipitia matatizo yake, waumini wakapungua, na ndani ya muhula mmoja watoto wetu 11 wakapoteza wafadhili. Taarifa ilikuwa mistari miwili: hali imebadilika, majina haya yaondolewe kwenye orodha. Ada za muhula zilikuwa zimelipwa nusu. Kijana mmoja wa darasa la sita alinifuata nje ya ofisi akaniuliza, "Mwalimu, barua yangu ya mwisho ilikuwa na kosa gani?" Nilirudi ndani nikaitoa nakala, nikamsomea yote, nikamwonyesha kwamba haikuwa na kosa. Hakuamini kabisa. Mtoto akiambiwa kwamba mtu fulani anampenda kwa jina lake, siku mtu huyo akiondoka kimya, mtoto hutafuta sababu ndani yake mwenyewe. Wenzetu hawakulifikiria hilo, na sisi pia hatukuwa tumeuliza kabla ya kusaini. Hapo ndipo ninapokatia nyota moja, na siirudishi.

Kilichotusaidia ni ugomvi wa heshima uliofuata. Mchungaji wetu aliandika barua kali na ya kistaarabu, nami nikaitafsiri bila kulainisha kitu. Yalitoka makubaliano mapya: fedha zote ziingie mfuko mmoja wa watoto wote, barua ziendelee kati ya familia na mtoto, anayetaka kuondoka atoe taarifa ya miezi sita na aandike barua ya kuaga. Tangu hapo wameondoka wafadhili kadhaa, na hakuna mtoto aliyekosa ada kwa sababu yao. Barua za kuaga huwa ngumu kuzitafsiri, lakini mtoto hubaki na karatasi inayosema ukweli.

Mwaka wa tano ilikuja zawadi tuliyoikataa, na uamuzi huo ulitugawanya. Kanisa rafiki lilikuwa tayari kujenga bweni la yatima kwenye kiwanja chetu, na baadhi yetu walishaona jengo machoni. Kikundi cha ziara za nyumbani kikaomba wiki mbili. Tulipita nyumba hadi nyumba na orodha ya walioandikwa "yatima". Karibu wote walikuwa na mama, au bibi, au shangazi, au kaka mkubwa anayefanya vibarua. Walikuwa maskini, hawakuwa wapweke. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tumeandika neno hilo kwenye fomu kwa kuwa tuliona linafungua mikono ya watu.

Jambo hili si la kwetu pekee. Kwa makadirio ya UNICEF ya 2015, kati ya watoto karibu milioni 140 duniani waliohesabiwa kuwa yatima, waliopoteza wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1. Na mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi ya watoto wasio na wazazi unasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwa wazazi wake. Niliutafsiri ukurasa huo nikausoma kwenye kikao. Bibi mmoja mlezi, aliyealikwa asikilize tu, aliomba nafasi akasema, "Wanangu, mkimchukua huyu mkampa kitanda kizuri, nani atamwita kwa jina la babu yake?" Fedha za bweni zikaombewa kazi nyingine: paa za nyumba za walezi na mitaji midogo ya akina mama. Wenzetu walikubali baada ya miezi mingi, na nawaheshimu kwa hilo, maana bweni lina jiwe la msingi lenye jina, paa la bibi halina.

Ukiangalia mtindo huu ulikotoka utaelewa kwa nini wenzetu walifikiria yatima kwanza. Mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania, mwandishi Mwingereza John Langdon-Davies alianzisha mpango wa mtu mmoja kumgharamia mtoto mmoja aliyekimbia vita, mpango uliokuja kuwa shirika la Plan. Mwaka 1952 mchungaji Mmarekani Everett Swanson alikuta Korea watoto walioachwa mitaani na vita, kazi yake ikawa shirika la Compassion, ambayo hadi leo hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali. Mtoto wa vita alikuwa peke yake kweli. Wa kwetu amezungukwa na watu waliochoka, na msaada usiowafikia hao hauwezi kumfikia yeye.

Kwenye kikao kilekile cha bweni, yule mzee wa miwani aliuliza kama haya yote yanazaa kitu mtoto akishakuwa mtu mzima, swali la haki kabisa. Watafiti Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walilifuata kwa watu wazima 10,144 katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda, wakilinganisha waliofadhiliwa na Compassion utotoni na ndugu zao na majirani ambao hawakufadhiliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, na walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi ya ofisini. Utafiti mwingine wa Glewwe na Wydick pamoja na mwenzao, Indonesia, uliwapa watoto 540 penseli za rangi wajichore, na michoro ya waliofadhiliwa ilikuwa na dalili nyingi zaidi za matumaini. Hilo la pili ndilo lililomfanya mzee wetu arudishe miwani usoni. Alisema analiona kila Jumamosi.

Kuhusu wageni sitasema mengi. Wamekuja mara mbili. Mara ya kwanza kila mfadhili alimletea mtoto wake mfuko wa zawadi, na watoto ambao wafadhili wao hawakusafiri walisimama ukutani. Mara ya pili walikuja mikono mitupu kwa ombi letu, wakaongozana nasi kwenye ziara za nyumbani, wawili wawili. Mama mmoja wao aliketi kwenye mkeka na bibi wa mtoto wake saa nzima, mimi nikitafsiri, na zaidi ya nusu ya maongezi yalikuwa magoti: yanavyouma asubuhi, wanavyoyakanda. Picha zilipigwa kwa ruhusa ya mlezi tu, mtoto akiwa na nguo zake, akicheka au akifanya kazi yake. Sweta halikuhitajika.

Ulinzi wa watoto tunaufuata bila kuoneana haya. Mgeni hakai peke yake na mtoto, awe nani. Mawasiliano hupita ofisini, hakuna mfadhili anayemtafuta mtoto kwenye simu au mitandao, na jina la mahali mtoto anapoishi haliandikwi kwenye picha. Mfadhili mmoja alikasirika akajitoa. Tulimshukuru kwa miaka yake, tukamwachia aende.

Kwa walezi wanaosoma hapa: ufadhili si mkataba wa milele, na si kosa kuuliza. Ombeni kuonyeshwa faili la mtoto wenu, ni haki yenu. Ulizeni barua inakaa muda gani njiani. Yetu huchukua miezi mitatu, na mtoto asipoambiwa hilo hudhani amesahaulika.

Kwa makanisa: wekeni chenu. Mwaka 2017 Compassion ililazimika kufunga kazi yake India baada ya kuzuiwa kupokea fedha kutoka nje, na watoto zaidi ya 140,000 waliokuwa kwenye mpango wakaathirika. Shirika kubwa, kazi ya miongo mingi, na saini ya ofisi moja ikatosha. Tuliposoma habari hiyo tulianza sadaka ya Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa ajili ya mfuko wa watoto. Mwanzoni ilitosha mtoto mmoja, sasa inabeba watano, na walezi wenyewe hutoa. Nimeona uso wa bibi akitumbukiza sarafu kwa ajili ya mjukuu wa mwenzake, na tangu siku hiyo sikubali mtu aseme kwamba sisi ni wapokeaji.

Limebaki jambo moja ambalo sijashinda. Masharti yanasema mtoto mmoja kwa kila nyumba. Najua sababu, fedha hazitoshi na wengi wanangoja. Lakini mimi ndiye ninayebisha hodi. Mwezi uliopita nilikwenda kwa bibi wa yule kijana wa milango, akanitolea barua zote za miaka, amezikunja ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya kopo la chuma, juu ya kabati mvua isikofika. Akanisomesha moja kwa sauti. Mjukuu mdogo wa kike, miaka saba, aliketi karibu sana na goti langu, akaweka kidole kwenye mchoro wa ile nyumba na kuhesabu milango hadi 12. Halafu akaniuliza kama na yeye anaweza kuuliza swali.

Nikamwambia aulize, nikaliandika nyuma ya fomu ya ziara, mahali pasipo na kisanduku chake. Mkataba mpya unasainiwa mwezi ujao. Nimeshapeleka kwenye kamati ombi la safu moja zaidi kwenye fomu, ya majina ya wadogo wa nyumba hiyohiyo, na swali la yule binti nimeliambatanisha.